Blanketi la Manase

Tabea wa Mahongole ni mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Ukimkuta bondeni kwenye kinyungu chake, akiinua matuta ya maharage wakati mvua zimekwisha na udongo wa huko chini bado una maji, atakusalimu "Kamwene" bila kuacha jembe. Hutaondoka mikono mitupu. Watu wanamjua hivyo. Mimi kila nikimwona nakumbuka shairi.

Alikuwa ameposwa na Manase, kijana niliyemfundisha kusoma, ambaye alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi ya ghala bandarini. Siku ya kuondoka Tabea alimpa blanketi zito la kijivu alilonunua kwa njegere zake. Mavuno yakapita, kisha gazeti likafika shuleni, na ndani yake, juu ya jina la Manase, mlikuwa na ubeti huu:

Huku joto limekuja, mlango wazi chumbani,
Blanketi nimelikunja, limekaa sandukuni,
Siku zangu zinavuja, kama maji mtungini,
Baridi ninaingoja, itanifikia lini?

Kabla ya Jumapili kijiji kizima kilikuwa kimeusoma au kusomewa. Baba yake Tabea, mzee Enoki, akaniita nikaufafanue. Nilikaa karibu na moto, nikaeleza jinsi vina vilivyopangwa na mizani zilivyotimia, kama tulivyofundishwa chuoni.

Enoki alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Mwalimu, vina nimevisikia. Ninachotaka kujua, huyu kijana anamwoa binti yangu, au anatuchezea gazetini?"

Shangazi Yudita, dada yake Enoki, hakuningoja nijibu. "Blanketi analo sandukuni. Tangu lini mtu aliye hai akakunja blanketi lake? Kwetu linakunjwa mwenyewe akishazikwa, au akishahama. Na huo mlango wazi usiku, anamfungulia nani?"

"Tena anaingoja baridi," Enoki akasema. "Mtu mwenye akili anaingoja baridi? Mwezi wa sita aje achote maji hapa alfajiri, atasema kama bado anaitaka."

"Ni baridi ya moyo hiyo," Yudita akasema. "Amechoka naye. Anangoja tu mapenzi yapoe."

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala mahali pasipohitaji moto. Chuo changu nacho kilikuwa milimani. Enoki akaamua kwamba Jumapili, baada ya ibada, atayarudisha majembe ya posa kwa kina Manase.

Tabea alikuwa akimenya viazi. Hakuinua uso. "Baba, ngoja kwanza niende Makambako."

"Kufanya nini?"

"Kuuliza."

Jumamosi nilimsindikiza. Makambako wakati ule ilikuwa njia panda na maduka machache, na malori ya kutoka pwani yalisimama hapo kupoza injini. Tulimkuta dereva mmoja, Filbert, amejifunga koti mpaka kidevuni, anakunywa chai kwa mikono miwili.

"Kaka, shikamoo," Tabea akasema. "Nyumbani wapi?"

"Marahaba. Dar es Salaam, dada, na leo natamani nisingetoka."

"Huko unalala na blanketi?"

Filbert akapaliwa na chai. "Unataka kuniua? Shuka lenyewe nalisukuma kwa miguu. Mlango nauacha wazi, mbu wanashiba, wanaaga, wanakuja wengine."

"Na moto ndani ya nyumba?"

"Wa kumchoma nani?"

Tabea akamsogelea. "Na huko kuna mtu anayeingoja baridi?"

"Ninyi wa huku," Filbert akasema. "Nawabeba kila siku. Wakikaa kivulini wanaisema baridi yenu utadhani ni mama yao. Nifungieni kwenye gunia niwapelekee."

Tabea akajifunika uso kwa kanga. Nilidhani analia, nikamshika bega, ndipo nikahisi linatikisika kwa kicheko.

"Kaka, ukimwona Manase wa Mahongole, kwenye ghala la bandarini, mwambie blanketi kama huko halina kazi, alilete. Huku tunaganda."

Jioni alimweleza baba yake. Enoki akasukuma kuni motoni.

"Kwa hiyo baridi anayoingoja ni wewe."

Tabea akaendelea kusonga ugali.

"Basi si angesema Tabea," Yudita akalalamika. "Au hizo mizani zilimkatalia, Mwalimu?"

Nilihesabu kwa vidole. Jina lingeenea bila shida. Nikasema labda aliona haya, na moyoni nikawaza kwamba mimi hakuna mtu aliyewahi kunionea haya ya namna hiyo.

Majembe hayakurudi. Mwezi wa sita Manase alishuka kwenye lori la Filbert, blanketi begani, meno yanagongana. Alisema alilikunjua tangu Iringa.

"Baridi yako hiyo," Tabea akamwambia. "Si uliingoja? Jipakulie."

Walifunga ndoa kanisani kwetu. Baadaye Manase akarudi pwani peke yake, maana kazi ilikuwa huko na vinyungu vilikuwa huku, na anakuja kila anaporuhusiwa. Blanketi lilibaki. Nikipita kwao asubuhi naliona limetandazwa juani juu ya ua. Jioni Tabea hulitoa hapo, akaingia nalo ndani vivyo hivyo, bila kulikunja.