Saa Yenye Miji ya Dunia

Kosa langu la kwanza, nikiwa mtoto, lilikuwa kurekebisha saa ya baba isiyo mbovu. Leo nimenusa mkanda wake, bado una vumbi la duara, shimo la dhahabu alimochimba baba. Uso wake umezungukwa na majina ya miji ya dunia, ikionyesha saa ya kila mji.

Ilikuwa saa saba mchana, mshale mfupi ukiwa kwenye moja. Nikavuta kitufe cha pembeni, saa ikasimama, nikausogeza mshale hadi saba.

“Baba, ilikuwa inadanganya.”

Akacheka. “Haya fundi, umeshawalaza watu wote wa Tokyo. Kaa nayo. Nikitoka duarani nitakufundisha kuirudisha.”

Jioni ile duara lilititia, naye hakutoka.

Siku hizi natengeneza saa za watu, nilijifunza mwenyewe, na kila moja naikagua mara tatu. Hiyo ya baba naogopa kuigusa mishale. Bado imesimama kwenye saba.