Aimu Huanza na Pua

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu kule Kanyangi, niliambiwa kwamba aimu, pepo za wazee waliokufa, wakimtaka mtu huanza na pua yake. Aliyenieleza hivyo ni Susu, nyanya yangu, mshirika wa kanisa asiyekosa ibada. Jambo hili hakumpelekea pasta.

Shangazi Kalekye alikuwa amerudi kwetu baada ya kumzika mtoto wake wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kitete, kibuyu cha maziwa. Kila asubuhi alikiosha, kisha akakisugua ndani kwa kijinga cha moto ili maziwa yakae na yapate ladha ya moshi. Siku moja akina mama wa kanisa walikuja kumwombea, naye akawamiminia maziwa. Uvundo ulijaa nyumba nzima. Wageni waliinamisha vichwa kwa adabu, vikombe mkononi. Shangazi alikunywa chake mpaka tone la mwisho.

"Shangazi, hii maziwa imeoza!" nilisema, nikacheka.

"Imeoza wapi? Mimi sisikii kitu."

Wageni walipoondoka, Susu aliniita nje. "Pua imeenda. Kuanzia leo huyu hatalala peke yake, hatakula peke yake, hatateka maji peke yake. Ukimwacha, utaniona."

"Na shule?"

"Ukiwa shule nitamfuata mimi."

Nikawa mkia wake. Jioni moja mtoni, tulikochimba mchanga kupata maji, aliketi kando ya kisima na mtungi mtupu.

"Enda nyumbani," aliniambia.

"Susu atanichapa."

Aliinuka. "Wewe ni kupe," akasema, akateka maji. Sina hakika mpaka leo nilikuwa nimezuia nini, na sikuwahi kumuuliza.

Miezi ilipita. Tukiwa jikoni, shangazi aliinua kichwa ghafla. "Nani anaunguza muthokoi?" Mahindi yetu ya kukobolewa yalikuwa yameanza kushika sufuria. Susu aliyaacha yaungue. "Amerudi," alisema, akajifunika uso kwa leso.

Nilikua, nikasomea kemia chuo kikuu, nikawaweka aimu kando. Mwaka jana mke wangu, Ndunge, alifariki, na muda mfupi baada ya mazishi nikaugua mafua makali. Nilipopata nafuu nilinusa sweta yake, sikupata kitu. Nikadhani harufu imeisha, na kwamba hicho ndicho cha mwisho nilichokuwa nimebakiwa nacho. Niliacha kupika chakula. Nilichemsha chai tu, na madirisha yalibaki yamefungwa.

Ndivyo binti yetu, Mutheu, alivyonikuta hapa Kikima.

"Baba! Gesi! Husikii?"

Sikusikia. Alifunga mtungi, akafungua madirisha yote, akanitoa nje. Pale uani nilimkumbuka Susu: pua imeenda. Nilimsimulia Mutheu habari za shangazi, neno kwa neno.

Kesho yake tulimwona daktari. Nilizungumzia pua. Yeye aliniuliza kuhusu usingizi, na kama bado nataka kuishi. Nilimwambia ukweli. Alieleza kwamba ubongoni, sehemu za harufu ziko karibu sana na zile za huzuni na kumbukumbu. Upande mmoja ukiumia, wa pili huweza kulegea. Alinipa dawa, mshauri wa kuzungumza naye, na zoezi la kunusa karafuu, limau na kahawa asubuhi na jioni. Mutheu alihamia kwangu. "Mimi ndiye kupe sasa," alisema.

Jumapili iliyopita, nikikunja nguo, nilisimama. Sweta ilinuka moshi wa kuni na sabuni ya kipande. Nilimwita Mutheu, nikampa. Hakuinusa, alinitazama mimi.

"Umerudi, Baba."

Bado siamini aimu. Lakini Susu aliiona hatari kwenye kikombe cha maziwa, wakati mimi nilikuwa nikicheka, na alijua tiba ya kuanzia: mtu asiachwe peke yake. Hapo sina la kumsahihisha.