Kipimo Chekundu cha Heeralall

Mume wangu Heeralall anaogopa sindano kuliko kifo. Kwa hiyo daktari alipomwambia, "Pima sukari kila asubuhi wiki mbili, uandike. Ukikosa kupima hata siku moja, tunaanza sindano za insulini," alirudi kijijini kwetu Triolet kama mtu aliyehukumiwa.

Tukaenda duka la dawa. Bi Li Ting akatoa vipimo viwili vya bei moja, cha bluu na chekundu.

"Chukueni bluu. Stripu zake, vijiti hivi vya kutia damu, ninazo tele. Za chekundu ni hizi kumi za ndani ya boksi, nyingine sijui zitakuja lini. Na kila mashine inakula vijiti vyake tu."

Mwenye akili angebeba bluu. Lakini wanaume wa kisiwa hiki mpira wa Uingereza umewakaa kichwani kuliko ndoa zao. Timu ya Heeralall ni nyekundu. Ya kaka yangu Soobash, jirani yetu, mgonjwa wa sukari vilevile, ni ya bluu.

"Damu yangu niitie kwenye bluu?"

"Mzee, hii si jezi."

Akalipia chekundu.

Siku ya kumi na moja asubuhi, boksi tupu. Akanituma nimwombee kwa Soobash kijiti kimoja. Hakikuingia. Akakipunguza pembeni kwa mkasi wangu wa kushonea, kikaingia, mashine ikaandika kosa. Kidole kimetobolewa bure, na yeye ndiye mwoga wa sindano!

"Zimebaki siku nne," nikamwambia. "Bluu au insulini, chagua."

Tukamkuta Soobash akichovya farata, chapati zetu za hapa, kwenye mchuzi wa maharage, na jezi mwilini.

"Shemeji! Nilijua iko siku utahamia kwetu."

"Lete hiyo takataka yako nipime."

"Kwanza sema: bluu oyee!"

"Oyee," akanong'ona.

"Sisikii."

"BLUU OYEE!" Mbwa wa mtaa mzima wakabweka.

Asubuhi nne alikwenda, asubuhi nne akapiga kelele hiyo. Daktari akasoma karatasi: "Zinashuka. Endelea na vidonge, sindano tuiache."

Kutoka hapo tulipitia kwa Bi Li Ting, akanunua cha bluu. Sasa anakilaza ndani ya soksi nyekundu. Kila asubuhi anakivua, anatoboa kidole, anafumba macho asiione bluu, na namba namsomea mimi.