Tulipopewa Pole ya Kwenda Kutembea

Safari nzima ilitugharimu shilingi mia moja arobaini na nne na senti thelathini, watu wawili, kwenda na kurudi, pamoja na ndimu za kuzuia kichefuchefu. Nimehesabu mara mbili. Bafta sijaitia humo, maana hiyo tulipewa, na ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa nauza sufuria na mabakuli ya bati sokoni Kariakoo. Mke wangu alikuwa amepanda meli mara tatu tu, zote kwenda Unguja kuzika: mama yake, shangazi yake, kisha kaka yake.

"Unguja mimi naijua kwa majamvi ya matanga," aliniambia siku moja akichambua mchele. "Nataka kupanda meli hata mara moja bila kulia."

Mtu akikuomba kitu kama hicho humwambii apunguze. Nikaenda kukata tiketi. Meli ilikuwa ikipita Unguja na Tanga mpaka Mombasa, halafu inageuza.

"Mnashukia wapi?" karani akauliza.

"Hapa hapa."

"Mnapandia Dar es Salaam, mnashukia Dar es Salaam?"

"Ndiyo."

"Bwana, si ukae nyumbani? Utafika bure."

Nikamwambia kwa kuwa hatushuki popote njiani, hatutachakaza ngazi za watu, basi atupunguzie. Hakupunguza hata senti. Alicheka tu, na hiyo ndiyo faida pekee niliyotoka nayo pale dirishani.

Kosa letu ni kwamba hatukumwambia mtu tunakwenda kufanya nini. Mtaani kwetu mwanamke hakupanda meli ila kwa harusi au msiba. Siku ya safari, shoga wa mke wangu, jirani wa ukuta mmoja, alimwona anafunga mzigo. Harusi hakualikwa, kwa hiyo akajua limebaki moja. Kufumba na kufumbua ua wetu umejaa wanawake, kanga vichwani, sauti za chini.

"Shoga, ni nani?"

"Ni nani nini?"

"Usijikaze, mwenzangu. Lia tu."

"Hajafa mtu! Nakwenda kutembea."

Wakatazamana. "Maskini," mmoja akanong'ona, "msiba umempanda kichwani."

Mkabala na kwetu palikuwa na duka la vitambaa la Mhindu mmoja. Miaka yote aliona majirani wakifuata bafta ya sanda kwake kila palipotokea maiti. Safari hii akavuka barabara mwenyewe na yadi nane za bafta nyeupe, akazichomeka kwa mikono miwili chini ya kamba za mzigo wetu.

"Pole sana, mama. Hii hailipwi."

Mtu ambaye wiki iliyopita tulivutana nusu saa kwa kipande cha kaniki! Na mbele ya wanawake wale nani angethubutu kuichomoa? Wakatusindikiza mpaka bandarini, wanafuta machozi kwa pembe za kanga.

Melini abiria wa sitaha waliiona ile bafta kabla hawajatuona sisi. "Wapisheni wafiwa, jamani!" Tukapewa pahali pazuri, kivulini, ukingoni kabisa. Mimi, kwa mahesabu yangu, ningefiwa mpaka Mombasa. Lakini nikamtazama mke wangu, nikaona ameshika pembe ya kanga tayari kufuta macho. Mara ya nne hii anapanda meli, na mara ya nne anapewa pole.

Akasimama. "Ndugu zangu, asanteni. Sisi hatukufiwa."

Bibi mmoja aliyekumbatia kapu lake akauliza, "Sasa, mwanangu, mnakwenda wapi?"

"Kurudi."

Sitaha nzima ikaangua kicheko. "Basi rudisheni na nafasi!" akadakia mtu. Tukahamishiwa kwenye magunia ya vitunguu. Mke wangu akakaa juu ya gunia kama yuko kwenye kochi la gavana, anafyonza ndimu, anaangalia maji. Tulipokaribia Unguja akanishika mkono.

"Kumbe pana saa kubwa namna ile mnarani?"

Mara tatu alikuwa amepita chini yake.

Tuliporudi Dar alikuwa abiria wa mwisho kushuka, macho makavu, na mimi nanuka vitunguu. Siku hizi nikipita bandarini naona makontena na maroli tu, lakini jicho langu bado linatafuta ile ngazi aliyoshukia.

Tulimpelekea Mhindu bafta yake. Akarudi nyuma kama tumemletea nyoka. "Kilichotoka kwa msiba hakirudi dukani kwangu, bwana." Nikataka kumlipa, pesa nazo akazikataa. Baadaye akahama, na pale dukani sasa wanauza simu.

Yadi zote nane zipo sandukuni, nimezipima juzi tena. Mke wangu, mzee mwenzangu sasa, amepiga marufuku zisitumike kwangu wala kwake. "Ile ni ya safari ya kutembea," anasema. Kuishona foronya hataki, kuigawa hataki, na juzi ameanza kuuliza bei ya boti ya Unguja.

Wewe unayesoma, kama kwenu mnajua rambirambi ya mtu ambaye hakufa inarudishwaje, na kwa nani, tafadhali nielekeze. Nitashukuru. Ila ushauri wenyewe uwe wa bei nafuu.