Nilijaribu Programu kwa Jina la Masanja

Kosa ni langu, wala sitafuti wa kunihurumia. Asubuhi ile nilitoka kijiji kiitwacho Ulaya na begi mgongoni, bila kujua naelekea wapi, nikiikimbia familia iliyonilisha msimu mzima.

Shule niliacha kidato cha pili, lakini udadisi haukuniacha. Kwa simu tu nilijifunza kutengeneza programu za mtandaoni chapuchapu: unaandika mistari michache, unabonyeza, seva ya kukodi inaipokea, mara ipo hewani. Kasi ile ililevya! Nikawatengenezea wakulima ukurasa wa kutoa taarifa mifugo ikiingia shambani. Mtu akiandika, wote wanapata ujumbe.

Siku moja nilitaka kuona kama ujumbe unafika. Nikaandika kwamba ng'ombe wa Masanja wako kwenye mahindi ya bondeni. Masanja ni mfugaji aliyenipa kitanda kwake. Jina lake ndilo lililonijia. Nilidhani niko kwenye nakala ya majaribio, ninayoiona mimi tu. Kumbe niko hewani!

Vijana wakashuka bondeni, wakakuta ng'ombe wake wanakunywa maji kando ya mashamba. Wakawaswaga hadi zizi la kijiji. Nyumbani ndama walilia, hawajanyonya.

Jioni, kwenye kikao cha kijiji, mwenyekiti akauliza nani aliandika. Nilikuwa nimekaa palepale. Nikasema mtambo umekosea. Mkulima mmoja akacheka, akauliza ni mtambo gani unaomjua Masanja na haumjui yeye. Hata hapo sikukiri!

Wakaenda kukagua shamba, na hakuna bua lililoguswa. Ng'ombe wakaachiwa kesho yake, ila ndama mdogo kuliko wote alikuwa ameshakufa. Nikamwambia Masanja ukweli, nimechelewa.

Hakupandisha sauti. "Mdogo wangu, ungesema tu ni wewe. Wangeachiwa jana."

Hilo ndilo linalonikera! Sentensi moja ingetosha.

Asubuhi iliyofuata niliondoka bila kuaga, na sasa niko Mikumi. Nimepata chumba nyuma ya gereji ya malori. Mama mwenye nyumba alipoitikia shikamoo yangu aliuliza nafanya kazi gani, nikasema kibarua.

Ninyi mnaojifunza wenyewe kama mimi, majaribio fanyeni mbali na watu, na jina la mtu msiliguse. Mkikosea, semeni kabla hamjaulizwa. Mimi nimekaa kitandani, namba ya Masanja iko mbele yangu, na kidole hakishuki kumpigia.