Mwanamke Aliyelia Nyuma ya Mwimbaji

Nkirote hapigi gitaa kama watu wengine. Hulilaza mapajani, akapitisha kipande cha chuma juu ya nyuzi, nalo likalia. Kazini ni nesi hapa ughaibuni, North York. Akirudi nyumbani ni nyimbo za kantri za zamani tu, zile alizokulia nazo Meru kwenye santuri za marehemu baba yake. Hakuna anayemshinda. Nasema hivyo mimi Jennifer, ninayekaa naye nyumba moja na kulalamikia kelele zake kila siku.

Kwenye majalada ya santuri zile liliandikwa jina la mwimbaji tu. Mpiga chuma hakutajwa. Ndiyo maana mama yake, Mama Benedicta, aliamini tangu ujana wake kwamba mlio ule wa chuma nyuma ya mwimbaji ni sauti ya mwanamke.

"Mwanaume anaimba kwa raha zake, na mke wake analia huko nyuma!" alikuwa akisema, kisha anatoka sebuleni kwa hasira.

Mwaka huu Mama alikuja kututembelea. Nkirote alimficha gitaa, maana Mama huuona muziki ule ni wa baa, lakini alitaka sana amsikie akipiga kabla hajarudi Kenya. Ilibaki nafasi moja tu: ibada ya Jumapili, ambako Nkirote huipigia kwaya gitaa. Tatizo lilikuwa Philip, kiongozi wa kwaya, ambaye humketisha nyuma ya ngoma na kumpunguzia sauti. "Gitaa ni la kusindikiza," husema. Mungu anisamehe, huwa natamani kumzaba kofi.

Jumapili hiyo Philip alisimama mbele akaanza wimbo wa shukrani. Chuma kikalia kwa mbali. Mama Benedicta akanishika mkono.

"Jennifer, yule mwanamke yuko hapa?"

Kabla sijajibu alishainuka. Akapita katikati ya viti, mkoba kwapani, tayari kwenda kumtetea. Nyuma ya ngoma akamkuta binti yake, macho makavu, chuma mkononi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mum," Nkirote akajibu bila kuacha kupiga. "Na kwenye zile santuri za Baba, kuna mtu alikuwa anapiga hivi hivi. Hakuna aliyekuwa analia."

Mama akauweka mkoba chini. Kisha akamgeukia Philip, aliyekuwa bado anaimba.

"Kijana, hebu nyamaza kidogo. Huyu nimemhurumia maisha yangu yote. Sasa niache nimsikilize."

Philip akakaa.