Bakuli la Jirani

Mwaka niliojitolea kufundisha kijijini karibu na Sirisia, mama jirani aliniletea maharagwe karibu kila jioni. Asubuhi, mimi mzungu nilikuwa nikisugua bakuli lake hadi ling'ae, kisha namrudishia. Naye alikuwa akichungulia ndani na kusema, "Asante, mgeni."

Miezi mitatu ilipita hivyo, mpaka mwalimu mwenzangu akaniona. "Ati unarudisha chombo tupu? Huku hatufanyi hivyo."

Usafi wangu wote ule, kumbe nilikuwa mkosefu wa adabu. Nyumbani sikuwa na kitu ila avokado mbili, nazo nilikuwa nimeziokota chini ya mti wa mama jirani mwenyewe. Nikazitia bakulini.

Alichungulia, akacheka sana. "Kesho ukuje na jembe," akasema.

Hakuniita mgeni tena.